Sheli Aliyochaguliwa Mzee Apolinari

Apolinari Nandonde alipunguzwa kazi mara moja tu maishani, jambo ambalo kwa mtu wa rika lake, katika Temeke ya miaka ile, lilikaribia kuitwa bahati. Majirani zake wa Mtoni Mtongani walikuwa wamepunguzwa mara mbili, wengine tatu, maana walitoka kwenye shirika lililouzwa wakaingia kwenye shirika linalosubiri mnunuzi. Yeye alikaa shirika moja tangu mwaka 1963 hadi 1994. Alianza kwa kupeleka barua, akapanda kuwa mpiga teleksi, akamalizia katika chumba chenye kiyoyozi ambamo wakurugenzi walikuwa wakiingia kupumzika wakati wa joto kwa kisingizio cha ukaguzi. Shirika lenyewe halina haja ya kutajwa. Halipo tena, na walionunua jengo lake wanauza humo vigae vya sakafu.

Ndani ya chumba kile kulikuwa na kompyuta yenye ukubwa wa kabati mbili za nguo, msaada wa watu wa Norwe, iliyokuja mwaka 1987 pamoja na mhandisi wa kuifundisha. Kitabu cha maelekezo kilikuja kwa Kinorwe, na barua za kuomba kingine zilichukua miezi kumi na minne kujibiwa. Mhandisi alikaa sita akaondoka. Kwa hiyo Apolinari hakuwa na njia nyingine ila kuzishika amri zote kichwani, mia moja na zaidi, kama alivyozishika sala za Kilatini alipokuwa mtumishi wa altare kule Ndanda. Kitabu cha Kiingereza kilipofika hatimaye, mkurugenzi alikifungia kabatini kisipotee, na Apolinari hakukiomba hata siku moja. Mhandisi aliporudi kukagua, alimwuliza anafanyaje kazi bila kitabu, Apolinari akagonga paji la uso wake kwa kidole. Hadithi hiyo aliisimulia kwa miaka kumi. Ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyokuja kumponza.

Shirika lilipofungwa, mashine iliuzwa chuma chakavu, kwa kilo.

Miaka mitatu baadaye Rukaiya alimtafuta. Rukaiya alikuwa mhandisi wa miaka ishirini na tisa, mtoto wa Temeke, wa ukoo uliozika watu wake pale kabla hapajaitwa mji. Alikuwa amepewa mradi wa kupokea kompyuta kuukuu zilizotupwa na ofisi za Ulaya, kuzifufua katika ghala moja la Chang'ombe, na kuzipeleka kwenye shule thelathini za sekondari za Lindi na Mtwara. Kwa kuwa mashine zilikuja bila programu, na programu za dukani hazikununulika, Rukaiya aliamua kuziwekea mfumo wa bure uliotengenezwa na watu waliotawanyika duniani, ambao kila mtu anaruhusiwa kuuchukua, kuupunguza, kuuongeza na kuugawa. Alikuwa anatengeneza toleo lake mwenyewe, la kuingia kwenye flopi tano, zile diski bapa za kubebeka mfukoni. Mfumo ule ulikuwa wa ukoo mmoja na mfumo wa kabati mbili za Norwe. Mtu pekee Temeke nzima aliyewahi kuuzungumza kwa ufasaha alikuwa amekaa barazani Mtongani, akimtungia nyuzi sindano mkewe Eufrazia, aliyekuwa akishona sare za shule.

"Shikamoo baba. Nimeambiwa wewe unazijua amri bila kitabu."

"Marahaba mwanangu. Kitabu cha nini?"

Akaajiriwa siku hiyo hiyo.

Hapo inabidi sheli ielezwe, maana hata Mtongani haikueleweka. Majirani waliposikia mzee anashughulika na sheli, walimpongeza kwa kupata kazi kwenye kituo cha mafuta, wakamwomba awakumbuke kwenye mafuta ya taa. Sheli aliyoshughulika nayo yeye ni programu inayokaa mlangoni mwa kompyuta mfano wa karani wa mapokezi katika ofisi ya serikali. Wewe humwoni bosi. Unaandika shida yako kwa maneno machache, karani anaipeleka ndani, anarudi na jibu au anarudi na matusi. Kuna makarani wa aina nyingi, na anayetengeneza toleo lazima aamue ni yupi atakayekuwa mlangoni mashine ikiwashwa, mtu asipochagua mwenyewe. Na watu hawachagui wenyewe. Mwalimu wa Newala akishamkuta karani mlangoni, atazeeka naye.

Ghalani walikuwa na makarani wawili wa kupimwa. Mmoja walimwita Nyembamba. Alichukua nafasi ndogo sana, hata mashine dhaifu ilimbeba bila kuhema, lakini alikuwa hakumbuki chochote: ukishaandika amri ikatekelezwa, basi, imekufa. Wa pili alikuwa Nene. Huyu alikula nafasi mara tano, lakini alitunza mistari mia tano ya mwisho uliyoandika. Ukibonyeza kitufe cha mshale unaotazama juu, anakuletea amri ya mwisho. Ukibonyeza tena, ile ya kabla yake. Hivyo hivyo mpaka jana na juzi. Mwaka mzima wa majaribio ghala lilifanya kazi na Nene.

Kazi ya Apolinari ilikuwa kuandaa diski kubwa zinazokaa ndani ya kompyuta. Kila diski mpya ilichomekwa kwenye mashine yake, akaandika amri kumi na saba kwa mpangilio usiovunjwa, akaichomoa, akachomeka nyingine. Diski sita kwa siku, bila karatasi mezani. Nassibu, fundi wa vyuma wa pale ghalani, kijana wa Keko mwenye mdomo mwepesi na mikono mizuri, alikuwa amebandika vikaratasi pande zote za skrini yake mpaka ikafanana na ubao wa matangazo ya misa. Mzee alikuwa akipita nyuma yake na kuguna.

"Nassibu, hiyo kompyuta au nguo iliyotiwa viraka?"

"Mzee wangu, sie wengine vichwa vyetu vya mtumba."

"Zamani hatukuwa na wa kutukumbusha."

"Ndo maana mlikuwa wachache, mzee!"

Wakacheka. Walikuwa wakicheka hivyo karibu kila siku.

Ambacho Nassibu hakukijua, wala Rukaiya, ni kwamba amri kumi na saba zilikuwa zimeanza kumtoka mzee tangu miezi ya mvua. Hazikumtoka zote, zilikuwa zinaondoka moja moja, bila kuaga. Kwanza alipoteza majina ya watu, akajitetea kwamba kila mtu ni "mwanangu". Kisha siku moja alisimama sokoni Mtongani na kikapu mkononi, akarudi nacho kitupu, akamwambia Eufrazia kwamba nyanya zilikuwa mbovu. Eufrazia alitazama kikapu, akamtazama yeye, akaenda kununua nyanya.

Lakini kazini alikuwa amepata namna. Aligundua kwamba kwa kuwa amri ni kumi na saba siku zote, akibonyeza mshale mara kumi na saba Nene atamletea amri ya kwanza ya diski iliyopita. Anabonyeza Enter. Kumi na saba tena, inakuja ya pili. Alikuwa habadilishi chochote ila jina la shule. Alihesabu kwa kidole gumba juu ya pingili za vidole, kama anayesali rozari, na akitazama skrini aliitambua kila amri kama unavyomtambua mtu ambaye jina lake limekupotea. Akawa bado anatoa diski sita kwa siku. Ghala zima lilimwona ni yule yule. Maadamu Nene alikuwa mlangoni, Apolinari alikuwa na kazi, na maadamu alikuwa na kazi, alikuwa mtu.

Mwezi wa Machi 1998 Rukaiya alitangaza mkutano wa kuchagua sheli ya toleo la kwanza. Siku mbili kabla yake, Apolinari alitunga sentensi. Aliitunga barazani, cherehani ikilia, na kuifanyia mazoezi mbele ya mkewe kwa sauti ya mkutano.

"Mie naona, kwa faida ya walimu ambao hawajazoea, tuwawekee ile inayokumbuka. Vipi?"

"Nzuri," alisema Eufrazia.

"Haina harufu ya kujitetea?"

"Haina. Sema tena."

Akasema tena. Siku ya pili alikuwa ameishika kabisa.

Rukaiya naye alikuwa upande wa Nene. Alikuwa ameandika kurasa nne za hoja, zenye jedwali. Lakini asubuhi ya mkutano Nassibu alimkuta akizipanga, akasoma ukurasa wa kwanza kwa kuchungulia begani, akatikisa kichwa.

"Sista, umemfikiria mzee?"

"Mzee kafanyaje?"

"Ile Nyembamba ndo sheli ya kina mzee. Kila siku anatuimbia humu, hatukuwa na wa kutukumbusha, hatukuwa na wa kutukumbusha. Leo wewe unakuja na kurasa nne za kumwambia ya kwao haifai. Mbele za watu."

"Mbele za watu gani? Tuko watatu."

"Mie si mtu?"

Rukaiya alikaa na kurasa zake. Alikuwa amelelewa na bibi ambaye hakuwahi kukosolewa na mtu yeyote chini ya miaka hamsini, na alijua vizuri mtu mzima akipingwa mezani hapigi kelele; anachukua kofia yake tu. Mbali na hayo, Nyembamba haikuwa mbaya. Kwa mashine dhaifu zaidi ilikuwa hata afadhali. Ukurasa wa tano ungeweza kuandikwa, wa kuunga mkono upande wa pili, na kwa kuwa alikuwa mhandisi mzuri aliuandika kichwani kwa dakika tano.

Mkutano ulikuwa na ajenda saba, kama ilivyo desturi: sita za kuwachosha watu na moja ya kuamulia. Soda zilifunguliwa, ya kwanza akapewa mzee. Walipofika ajenda ya saba, Apolinari aliweka chupa chini, akakaa wima na kukohoa kidogo. Sentensi ilikuwa tayari. Kwa kawaida yao mzee husema mwisho, ili neno lake lifunge. Akasubiri.

"Kuhusu sheli ya kuanzia," alisema Rukaiya, "mie nilikuwa na maoni yangu, ila nimeyaweka kando. Sie humu ndani wote tumefundishwa na baba. Na baba amefanya kazi maisha yake yote bila kukumbushwa na mashine. Basi tumeonelea, mie na Nassibu, toleo letu la kwanza liwe na Nyembamba. Na kwenye kijitabu cha walimu tuandike: sheli hii ni chaguo la Mzee Apolinari Nandonde."

Nassibu akapiga makofi. Akamshika mzee bega. "Jina lako linaenda mpaka Newala, mzee wangu! Wajukuu zako watalisoma!"

Apolinari aliwatazama. Watoto wawili wenye nyuso zinazong'aa kwa furaha ya kumpa mtu kitu. Pale palikuwa na nafasi ndogo ya kusema ile sentensi, ndogo kama ile ya kukataa sahani baada ya mwenyeji kukuchagulia mnofu. Watu wanaoweza kuitumia nafasi hiyo wapo, husemekana hivyo. Yeye hakulelewa nao.

"Kama ndivyo mlivyoona, wanangu," alisema, "mie nani nikatae?" Na kwa kuwa ilionekana inatakiwa sababu, akatoa moja hapo hapo, nzuri kuliko zote zilizotolewa siku ile. "Tena ni vyema. Mashine ikimkumbukia mtu kila kitu, yeye mwenyewe atakumbuka nini?"

Rukaiya aliiandika kwenye kumbukumbu za mkutano na kuipigia mstari.

Kwa hiyo watu watatu waliotaka Nene walichagua Nyembamba kwa kauli moja. Nassibu naye, alipoulizwa siku nyingine, alisema yeye binafsi hakuwahi kuielewa Nyembamba hata kidogo.

Rukaiya alikuwa na kanuni kwamba chakula kisipelekwe kwa watu kabla wao wenyewe hawajakionja. Jumatatu iliyofuata mashine zote za ghala ziliwekewa toleo jipya, na Nene, ambaye flopi tano hazikumtosha, akafutwa. Apolinari alikaa kwenye kiti chake, akachomeka diski ya kwanza, akabonyeza mshale. Kwenye skrini zikatokea alama nne zisizo na maana: kialama mfano wa kofia, mabano mawili ya mraba, na herufi A. Akabonyeza tena. Zikaongezeka. Alibonyeza mara kumi na saba, akihesabu kwa kidole gumba, na alipomaliza alikuwa na mstari mmoja mrefu wa kofia na mabano. Akaufuta, herufi moja moja.

Siku ile alitoa diski mbili. Alisema umeme haukuwa mzuri, na kwa kuwa umeme kweli haukuwa mzuri mwaka ule, alieleweka.

Nyumbani alishika kalamu ili aziandike amri zote. Zilitoka kumi na moja. Alizikalia Jumapili nzima, Eufrazia akimletea chai na kuiondoa imepoa, na hazikufika kumi na mbili. Akazinakili kwenye kipande cha karatasi, akakiweka ndani ya kitabu chake kidogo cha sala, maana mtu aliyecheka vikaratasi vya mwenzake mwaka mzima hawezi kubandika chake. Tangu hapo akawa anafungua kitabu cha sala mezani kila baada ya dakika chache. Nassibu alimwambia Rukaiya kwamba mzee amezidi kumcha Mungu, na kwa uzee wake ni jambo zuri.

Mvua kubwa za msimu ule zilikuwa zimeikata barabara ya kusini. Mizigo ilikaa ghalani, hakuna shule iliyopokea kitu, na labda kwa sababu hiyo hakuna aliyeharakisha kuuliza kwa nini diski ni mbili kwa siku badala ya sita.

Katika mashine ya Apolinari kulikuwa na diski tatu. Ya kwanza ilikuwa yake, ya pili ndiyo iliyochomekwa na kuchomolewa, na ya tatu Rukaiya aliweka humo kazi zake, kwa kuwa mashine ile ndiyo pekee iliyokuwa na betri ya kuilinda umeme ukikatika. Kwenye hiyo ya tatu kulikuwa na miezi mitatu ya Rukaiya: kijitabu cha walimu kwa Kiswahili, chote. Amri ya kusafisha diski inamalizika kwa herufi inayosema ni diski ipi. Jumatano moja asubuhi, katika ile nafasi ya kutafuta amri ya nne na kupata ya tisa, Apolinari aliandika herufi ya tatu mahali pa ya pili. Nyembamba hakuuliza swali. Akaipeleka ndani.

Nassibu aliporudi kutoka bandarini saa nane alimkuta mzee amekaa mikono mapajani. Mstari ulikuwa bado kwenye skrini. Nassibu aliusoma, akausoma tena, kisha akajifanya anapangusa vumbi na kuifuta skrini nzima.

Rukaiya alipogundua, Nassibu alisema ni yeye. Alikuwa anajaribu kitu, alisema, akakosea herufi. Rukaiya hakupiga kelele. Alitoka nje, akasimama karibu na matangi ya maji, akarudi na barua ya onyo. Na kwa kuwa jambo lilikuwa zito, Apolinari aliona ni wajibu wake kama mzee kumwita Nassibu pembeni.

"Nassibu mwanangu. Kazi hii haitaki papara."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Ukiona huna hakika, uliza. Mie nipo hapa. Unaogopa nini kuniuliza?"

"Nimekosa, mzee."

"Kukosa si tatizo. Tatizo mnajiamini mno."

Alisema kwa upole na kwa moyo mweupe kabisa. Hakuwa anaficha chochote. Jumatano asubuhi haikuwemo tena kichwani mwake.

Lakini diski zenyewe huandika ndani yake saa ziliposafishwa. Rukaiya, akijaribu kuokoa lolote, aliisoma: saa nne na dakika ishirini. Akaenda kwenye benchi la Nassibu.

"Braza. Jumatano saa nne ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Ulikuwa bandarini. Barua ya kutolea mzigo nimesaini mie, na wao wamegonga muhuri saa nne na nusu."

Nassibu aliendelea kufunga skrubu ambayo ilishafungwa. "Sasa sista, ulitaka nisemeje? Nimemkuta anaitazama skrini kama mtu anayesubiri kuitwa jina hospitali. Namuuliza, vipi mzee, ananiambia kazi inaendelea." Akaweka bisibisi chini. "Na kile kitabu chake nimekiangalia. Si sala. Amri. Tena zimepinda pinda, hazifiki mwisho."

Jumamosi asubuhi Rukaiya alikwenda Mtongani. Eufrazia alikuwa barazani na cherehani, mzee yuko ndani akivaa shati, maana hakupokea mgeni wa kazini bila shati la kazini. Rukaiya akaamkia, akakaa mkekani, akasema kwa sauti ya chini kwamba wamepata wasiwasi kidogo juu ya afya ya baba tangu walipoweka sheli ile anayoipenda.

Eufrazia alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Nani aliwaambia anaipenda?"

"Sie tulidhani, mama, kwa vile alivyokuwa anasema..."

"Mlidhani." Aliutoa uzi kwenye meno. "Alikuwa na maneno yake ya kuja kuwaambia. Siku mbili ananisomea hapa hapa nikishona. Muwawekee walimu ile inayokumbuka. Ile ndiyo ilikuwa inamshika mkono, mwanangu. Alirudi akaniambia, wamenipa heshima. Basi."

Apolinari alitoka na shati jeupe, amekosea kifungo kimoja.

"Karibu mwanangu. Barabara imefunguka?"

"Bado, baba. Shikamoo. Nimekuja kukuambia... tunabadilisha sheli. Tunarudisha ile inayokumbuka. Shule zimelalamika."

Mzee alimtazama kwa umakini ambao Rukaiya hakuwa ameuona kwa miezi.

"Shule gani?"

"Za... huko kusini."

"Mzigo haujavuka Rufiji. Shule gani imelalamikia kitu ambacho haijakiona?"

Rukaiya aliinamisha kichwa. "Ni mie, baba. Mie ndiye niliyeitaka tangu mwanzo. Sikusema."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliona wewe unaitaka hii."

Apolinari alikaa kitini polepole. Kitu kilimpita usoni. Eufrazia alikuwa ameacha kabisa kushona.

"Mie naona," alianza, kwa sauti ya mkutano, "kwa faida ya walimu..."

Wakamsubiri. Eufrazia midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, akimpelekea neno linalofuata. Mzee hakumtazama. Alikuwa anatazama sakafu ya saruji kana kwamba limeangukia hapo.

"Kwa faida ya walimu," alisema tena. Kisha uso ukatulia, maana alikuwa amelipata jingine, lililokuwa karibu zaidi, lililopigiwa mstari. "Mashine ikimkumbukia mtu kila kitu, yeye mwenyewe atakumbuka nini? Hilo nililisema mbele yenu na mkaliandika. Mlinipa heshima ile mbele za watu. Leo mnakuja kuinyang'anya barazani?"

"Hapana, baba."

"Haya."

"Hatuinyang'anyi."

Chai ililetwa na ikanywewa.

Barabara ilipofunguka, mashine zilikwenda kusini na Nene mlangoni, flopi sita badala ya tano. Kijitabu cha walimu kiliandikwa upya kwa haraka, kikatoka na makosa mengi: kurasa mbili ziligeuzwa, amri kadhaa haziko, mchoro wa kibodi ukapinduliwa. Lakini maneno ya ukurasa wa mwanzo Rukaiya aliyaacha kama yalivyoandikwa, kwamba sheli hii ni chaguo la Mzee Apolinari Nandonde. Kati ya yote yaliyomo, hayo ndiyo yaliyokuwa sahihi kabisa, na waliojua walikuwa wanawake wawili.

Mzee mwenyewe aliletewa barua ya kustaafu kwa heshima. Hakuwahi kurudi kujaribu mashine zilizorudishiwa Nene. Rukaiya alimwomba mara mbili, na mara zote mbili alijibu kwamba hana ugomvi, ila mtu hawezi kufanya kazi chini ya uamuzi uliotengua wake. Nassibu alimpelekea nakala ya kijitabu. Mzee aliusoma ukurasa wa kwanza kila asubuhi, na kila asubuhi alifurahi.

Rukaiya akawa anakwenda Mtongani kila Jumamosi. Alimpelekea habari: shule ya Masasi imewasha, ya Tandahimba imewasha. Mzee alimwita mwanangu, kisha mwalimu, kisha muuguzi. Aliuliza maswali mazuri kuhusu diski. Ziara zilikuwa za amani, na Rukaiya aliporudi nyumbani alijiona amepunguza kidogo alichokuwa anadaiwa na nafsi yake.

Mwezi wa Novemba, Eufrazia alimsindikiza mpaka kwenye kona ya barabara, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo kwa sababu ya miguu yake. Walipofika alimshika mkono, hakuuachia.

"Mwanangu, nikuombe kitu usinichukie."

"Sema mama."

"Usije tena."

"Kwa nini, mama?"

"Wewe ukishaondoka, kesho yake anaamka alfajiri, anaoga, anavaa lile shati. Anakaa barazani na kitabu chake kusubiri kwenda kazini. Namwambia leo Jumapili, ananiambia wananitegemea. Siku tatu, siku nne, hali, hanywi, anaogopa atachelewa. Akishasahau kwamba ulikuja, anapumzika." Eufrazia aliuachia mkono. "Niachie apumzike."

Rukaiya alikubali. Ulikuwa ni uamuzi mwingine aliofanya juu ya mzee yule, na safari hii alikuwa ameuliza.